Mwenye Kinu Aliyeshindwa Kufukuza Wageni

Wadogo zangu wa korali ya kanisa, mimi nimestaafu. Msicheke. Niko na miaka ishirini na nne, magoti bado mazima, na kila asubuhi ninapanga maboksi kwenye kampuni kama kawaida. Lakini kazi ya sinema nimeiacha kabisa, na pensheni yangu ni kwamba hakuna mtu tena ananipigia simu kuniuliza, "Diraktere, ile nguo ya arusi nivae na soksi ao bila soksi?" Nilifanya filamu moja. Imenitosha.

Sasa mmeniandikia kwamba na nyinyi mnataka kuchukua kitabu mkifanye filamu, na mnauliza mtaanzia wapi. Bon. Ninaandika hapa kwenye breki ya kazi, nimekaa juu ya paleti, kwa hiyo sentensi ikikatika katikati mjue ni supavaiza. Na mnanijua, mimi sipendi kuzunguka. Mama anasema nilizaliwa nikiangalia saa.

Najua mmesikia tu kwamba mimi, dada yenu Yaya Rehema, nilifanya filamu ya Wapolandi, mkacheka hadi mkasahau kuuliza kwa nini. Ilikuwa hivi. Tantine Riziki, mdogo wa mama, anakaa Buffalo na anafanya kazi ya kutunza wazee kwenye manyumba yao. Mmoja wa wazee wake alikuwa mama wa Kipolandi huko Cheektowaga, anaitwa Pani Halina. Pani ni heshima yao, kama sisi tunavyosema Mama fulani. Nilienda kumsaidia Tantine wakati wa baridi, kazi yangu ikawa kukaa na Pani wakati Tantine anapika. Nyumba ilikuwa imejaa picha za watakatifu, na viti vimefunikwa plastiki visichafuke. Nilipoingia nikafikiri niko kwa mama mkubwa.

Pani macho yake yalikuwa yamechoka. Hata hivyo alikuwa na kitabu kimoja kikubwa cha Kipolandi kwenye mapaja, anapitisha kidole kwenye mistari asiyoiona, na ananieleza kwa Kingereza. Alisema kule kwao ni kitabu cha zamani, kila mama alikisoma, kila mtoto alilazimishwa shuleni. Hadithi yenyewe si ngumu. Kuna baba mwenye kinu cha maji, mtu wa kiburi. Ana binti mmoja, Tekla. Siku moja wajumbe wanatoka kijiji cha mbali, wanatembea kwenye theluji, wanakuja kuposa kwa niaba ya kijana maskini. Mwenye kinu anawatupa nje kwa mikono yake. Wanarudi kwenye baridi, mzee mmoja kati yao anakufa njiani. Kuanzia hapo hakuna mtu analeta nafaka kwenye kile kinu. Jiwe linakaa bure. Mwishoni yule baba anameza kiburi chake, anatembea hadi kwa wale watu kupiga magoti.

Mimi nikasema moyoni, lakini hii ni Fizi, kwetu Kongo! Posa, wajumbe, aibu ya kijiji kizima. Wamebadilisha tu muhogo wakaweka ngano.

Kisha mdomo wangu ukasema, bila mtu kuuomba, "Pani, nitakifanya filamu."

"Kwa kutumia nini?"

"Simu yangu. Na watu wa kwetu."

Alicheka mpaka Tantine akatoka jikoni na maji. Alipopata pumzi akanishika mkono na kusema, "Weka watu wako, weka nguo zenu, weka hata ng'ombe. Lakini mwenye kinu lazima awafukuze wageni. Hapo usiguse. Usipoweka hapo, hicho si kitabu changu." Halafu akaniambia kwamba baada ya Pasaka mtoto wake atamhamisha kwenda kukaa naye kusini, nyumba itauzwa. Alitaka aione filamu kwenye kiti chake mwenyewe, kabla kiti hakijatoka.

Donc niko na kitabu ambacho siwezi kusoma, Pasaka inakuja, na ahadi kwa mama wa watu. Nilirudi kwetu Columbus nimevimba kichwa kama mtu aliyepewa tuzo.

Kosa la kwanza, msilirudie: niliandika kila kitu. Kila kitu Pani alichonieleza nilikiweka kwenye senario, yale maandishi ya kuongoza filamu. Kuna mahali mwenye kinu anafikiria juu ya marehemu mke wake, nikaandika "anafikiria," kurasa na kurasa za kufikiria. Nikaipeleka kwa Kaka Byamungu. Mnamjua, yule anayepiga video za arusi na matanga huku Northland, yule wa mioyo inayoruka juu ya maharusi. Siku hizi ameacha mioyo, anasema ilikuwa dhambi ya ujana. Aliipima senario mkononi kama mtu anayepima nyama.

"Hii ni filamu ao mukutano wa kanisa?"

"Ni kitabu kikubwa, Kaka."

"Ingia mu gari."

Tukaenda Morse Road. Kila taa nyekundu anasimama, ananiambia, "Nielezee hadithi kabla taa iwe kijani." Taa ya kwanza sikufika hata kwenye kinu. Ya pili nilifika kwenye ndoto ya Tekla, gari za nyuma zikatupigia honi. Nikakasirika, nikamwambia huwezi kufanya heshima ya kitabu cha watu kwenye taa ya barabarani. Yeye anatafuna tu karanga. Tukageuka pale kwenye maduka, tukarudi. Taa fulani, nimechoka, njaa inaniuma, nikasema, "Ni baba mmoja alifukuza wageni, halafu aibu ikakaa naye nyumbani."

"Aya," akasema. "Hiyo njo filamu. Ingine yote ni unga."

Ile ndiyo shule yangu yote ya sinema. Nyinyi mtalipa chuo, mtafundishwa hiyohiyo bila karanga.

Kinu tulikipata nyuma ya duka la mama mmoja wa kwetu hukohuko Morse Road, anaposaga unga wa fufu, ule ugali wetu wa muhogo. Mto hakuna, theluji hakuna, kuna mashine inayolia kama ndege inayoanguka. Nikaona vizuri, mwenye kinu wetu atakuwa mwenye mashine ya unga. Jina la Tekla nililibakiza, juu hata kwetu akina Tekla wapo. Mambo mengine nilibadilisha bila kuuliza mtu. Kuhusu kubadilisha ninawapa ushauri mmoja: jiulizeni watu wanaogopa nini kwenye kitabu. Kile wanachoogopa mkiweke. Viatu na kofia na farasi, acheni.

Theluji lakini niliitaka, kwa ajili ya Pani. Kwa hiyo tukapanga: kinu Columbus, nyumba ya mwenye kinu Louisville, na nje Buffalo. Kwenye filamu yangu mtu anafungua mlango Kentucky, anakanyaga New York. Sasa mnajua Buffalo. Baridi nzima theluji ilianguka mpaka watu wanatafuta gari zao kwa fagio. Jumamosi tuliyofika sisi, mvua. Majani ya kijani, ndege wanaimba. Nililia pale kwenye baraza la Tantine, ninawaambia ukweli. Byamungu akakumbuka kwamba kwenye paking ya moli huko Cheektowaga walikuwa wamesukuma theluji ikawa mlima, mweusi kwa mafuta na chumvi. Tukaenda na mabeseni. Mlinzi wa pale akatusimamia.

"Mnaiba theluji?"

"Ni ya filamu."

Alituangalia sisi, akaangalia mabeseni ya kuogeshea watoto, akaangalia mbingu. "Chukueni ya upande huu," akasema, "ile pale gari zimeikojolea mafuta."

Tukaimwaga uani kwa Tantine. Kwenye picha inaonekana kama mtu amemwaga simenti. Lakini ni theluji, na mwenye kinu aliikanyaga.

Mwenye kinu. Sasa nifike hapo, breki inaisha.

Nilimchagua Papa Wilondja wa Shively, kule Louisville. Alikuwa na sura, alikuwa na sauti. Akiomba kanisani vioo vinatikisika, watoto wanaacha kutafuna. Nilisema kimoyomoyo, huyu kazi ya kufukuza watu ataifanya hata bila mazoezi. Wajumbe waliongozwa na Papa Asukulu, shemasi wetu wa Columbus, mtu mpole, kofia mkononi. Tukamchukua na wenzake kwa gari ya Byamungu mpaka kwa Papa Wilondja, na tukachukua kreti ya Fanta imefungwa na plastiki yake, juu mnajua huwezi kwenda kuposa mikono mitupu, na sisi ni watu wa wokovu, bia hatubebi.

Kabla ya kuanza, Byamungu akaniambia, "Zima friji, iko inanguruma, itaharibu sauti. Na funguo ya gari uweke ndani ya friji, hivi hautaweza kuondoka bila kuikumbuka." Hiyo andikeni, ni ya bure. Mimi nikazima friji lakini funguo nikaweka mfukoni, nikasema mimi sisahau kitu. Nimalizie hapohapo: kesho yake Mama Echa, mke wa Papa Wilondja, alinipigia simu. Hakutukana. Alitaja tu majina ya samaki walioozea ndani, mmoja mmoja, kama anasoma matangazo ya vifo.

Bon. Tukaanza. Kazi ilikuwa rahisi: wajumbe wanabisha, Papa Wilondja anafungua, anasema, "Tokeni, mwanangu haolewi na masikini," anawasukuma, basi. Byamungu ana kamera, mimi ninasimama pembeni na senario.

Wakabisha. Papa Wilondja akafungua, akamtazama Papa Asukulu. Sikujua kwamba wale wazee walikuwa majirani kule kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, na tangu ndege iwachukue walikuwa hawajaonana.

"Asukulu! Weye njo huyu? Umezeeka, bana!"

"Na weye? Nywele umeacha Tanzania?"

Wakakumbatiana. Nikasema, "Kata!"

Mara ya pili, "Tokeni!" Vioo vikatikisika. Roho yangu ikaruka. Halafu akashusha sauti, "Lakini mukule kwanza. Mumetoka mbali, na Mama Echa amepika."

"Kata! Papa, usiwape chakula!"

"Sasa balale na njaa?"

"Hawalali, Papa. Ni filamu."

Mara ya tatu akasema yote kama ilivyoandikwa, na akamgusa Papa Asukulu begani, kumsukuma kama mtu anayesukuma mlango wa kioo. Mama Echa akatoka jikoni na mwiko wake, hayumo hata kwenye senario. "Baba Echa! Unafukuza Asukulu? Asukulu mwenye alibeba mutoto wetu mu mukono mpaka ku hospitali ya kambi? Majirani wakisikia?"

"Mama, ni filamu," mimi.

"Filamu gani ya kukosa adabu?"

Nikashindwa kuvumilia. Nikawaambia wote kwamba Pani anahama, kwamba mwenye kinu asipofukuza hakuna kitabu, hakuna filamu, tumeendesha gari bure. Nilipiga ile senario kwenye kiti. Papa Wilondja akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, najua ni filamu. Lakini huu mulango si wa filamu. Huu mulango ni wangu."

Halafu akasema, "Aya. Tufanye tena."

Wakabisha. Akafungua. "Karibuni." Akawaonyesha viti, Papa Asukulu akapewa kile kizuri. Nikajua ni yaleyale. "Kata," nikasema. Hakugeuka. Mama Echa akaleta chakula, fufu, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Papa Wilondja akachukua jagi na beseni, akawanawisha wageni mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, bila kumwaga tone. "Kata, Papa!" Akaweka jagi chini. Yeye hakunawa. Akakaa mbele yao, mikono mikavu kwenye magoti, akawatazama wanakula. Hakuuliza habari za watoto. Hakuuliza safari. Papa Asukulu akakata tonge la kwanza, la pili, kisha akaiona ile mikono, na tonge likakaa hapo kwenye vidole. "Kata, jamani!" mimi, kama jogoo aliyekosea saa. Byamungu hata hakunisikia, jicho liko kwenye kamera.

Walipoacha kula, Papa Wilondja akasimama, akainua ile kreti ya Fanta iliyokuwa bado kwenye mlango, na plastiki yake juu. Akaibeba mwenyewe mpaka nje, akairudisha ndani ya gari polepole, chupa zisigongane. Akafunga mlango wa gari. "Safari njema," akasema, na akaingia nyumbani kwake.

Papa Asukulu alibaki kwenye majani, mikono bado ina maji ya samaki. Kisha akapanda gari akakaa.

"Twende Columbus."

"Papa, ilikuwa filamu," nikamwambia.

"Ile haikuwa filamu. Nimerudishiwa kinywaji cha posa mbele ya watoto."

Sasa diraktere wenu alifanya nini? Diraktere mwenye akili angeenda kwa wale wazee. Mimi nilimgeukia Byamungu. Nikamwambia hii haiko kwenye kitabu, hakusukuma mtu, hakupiga kelele, Pani atasema nimemdanganya. Yeye ananiambia, "Rehema, umeona kitu tumepata?" Mimi namchoma kifuani na senario, namwonyesha mstari, "Anawatupa nje! Imeandikwa! Anawatupa!" Byamungu akaweka kamera chini kwenye majani ili ajitetee kwa mikono miwili.

Na nyuma yetu Papa Wilondja alikuwa ametoka. Alifungua mlango wa gari, akararua ile plastiki, akatoa chupa moja, akaifungua kwa meno, Mama Echa akapiga kelele juu ya meno yake. Akanywa. Akampa Papa Asukulu chupa ileile. Walikaa pale ukingoni mwa gari, miguu inaning'inia, wazee wawili wanapokezana Fanta kama watoto wa shule, na hakuna aliyesema samahani, na hakuna aliyehitaji kusikia.

Ule ulikuwa mwisho wa filamu yangu. Ndiyo ile sehemu mwenye kinu anapiga magoti. Ulikuwa pale, kwenye jua zuri, na kamera inapiga picha ya majani.

Nilienda kuwaomba warudie. Papa Asukulu alinitazama kwa huruma.

"Unataka nisamehe mara ya pili, Diraktere? Ile imekwisha."

Basi nikarudi Columbus na filamu isiyo na kufukuzwa na isiyo na mwisho. Kwenye ile sehemu sauti yangu imejaa, kata, kata, kama mashine ya kupimia moyo. Nilijaribu kuitoa, lakini nikitoa sauti yangu ninatoa na maji yanayomwagika kwenye beseni, na chupa zinazogusana garini. Byamungu akasema, "Acha. Chagua: ao aibu yako, ao maji." Nikachagua maji. Mwishoni nikaweka giza na maneno meupe: Akaenda kuomba msamaha. Kama tangazo la duka.

Tulifika Cheektowaga siku Pani anahama. Ndiyo, siku yenyewe, juu mimi mtu wa haraka nilichelewa. Maboksi kila mahali, vikombe vimefungwa kwenye magazeti, watakatifu wametolewa ukutani wameacha alama zao. Televisheni na kiti vilikuwa bado. Tantine akamsogeza Pani karibu kabisa na kioo, mimi nikakaa chini kando yake na hotuba yangu ya kuomba radhi nimeishika kichwani. Filamu ikaanza. Kinu kikanguruma. "Hiki ni kinu?" akasema. "Ni hospitali?" Ikaja theluji yetu. "Na hii?" Tantine akasema ni theluji. "Ya mwaka gani?"

Hapo mtoto wake akaingia, Marek, jibaba la kofia, funguo za lori mkononi. Alitusalimia vizuri, akamwambia mama yake waondoke kabla barabara haijajaa.

"Kaa," Pani akasema.

Hakukaa. Alisimama mlangoni anachezesha funguo. Na ndipo wajumbe wakabisha.

Pani hakuona vizuri, kwa hiyo alinigonga bega. "Anafanya nini?"

"Amewakaribisha, Pani." Nilitaka ardhi inimeze. "Anawanawisha mikono."

"Na yeye?"

"Hapana. Yake ni mikavu."

"Nani anapiga kelele?"

"Ni mimi."

"Mwambie anyamaze. Na sasa?"

"Anawatazama wakila. Hawaulizi kitu. Sasa amechukua vinywaji walivyoleta. Anavirudisha kwenye gari. Havijafunguliwa."

Nikaanza hotuba yangu, kwamba nisamehe, mzee wetu alishindwa kufukuza, na mimi najua kwenye kitabu anawatupa nje. Akaniwekea kiganja mdomoni. Si kwa upole.

"Kijijini kwa mama yangu," akasema, "kijana wasiyemtaka walimkalisha mezani wakampa supu nyeusi. Ya damu ya bata. Hakuna mtu alisema neno. Anakula, anajua, anavaa kofia yake. Mwandishi wa hiki kitabu alikuwa mtu wa mjini. Watu wa mjini wanapenda makelele." Akaangalia kioo, ingawa hapo tulikuwa tumeshafika kwenye mashine ya unga. "Mzee wako anajua kufukuza."

Marek aliacha kuchezesha funguo. "Nani alipewa hiyo supu?" akauliza.

Pani akageuza kichwa. Akaanza kumweleza kwa Kipolandi, polepole mwanzoni. Marek anamjibu kwa Kingereza, kama nyinyi mnavyofanya na wazazi wenu, mama anatoa lugha yake na mtoto anarudisha ingine. "Babu? Babu yangu mimi?" Mama anaendelea. "Na bado alirudi? Baada ya supu?" Mama anapiga mkono wa kiti, anacheka, anafuta macho, anaendelea. "Hukuniambia kamwe." Marek akavuta boksi la vikombe akakaa juu yake, nikasikia kikombe kimoja kimevunjika, hakuna aliyejali. Lori lilikuwa linanguruma nje.

Filamu yangu ikabaki inaenda peke yake. Tekla alisaga unga wake, watu waliacha kuleta muhogo, mwenye kinu alikanyaga ile theluji tuliyoambiwa tusiichukue upande wa mafuta, na hakuna jicho hata moja lililokuwa kwenye kioo. Giza langu na maneno yangu meupe yalikuwa yanakuja, ule mwisho wa aibu nilioogopa njia nzima kutoka Columbus. Tantine Riziki alinitazama, ananijua, aliona nimeinuka, akafikiri nitawaambia watu waangalie.

Rimoti ilikuwa kati ya magazeti. Nikapunguza sauti, wasikilizane.